Padre, Natubu Naanguka, Natubu Naanguka: Je, Nina Pepo?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, nafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Ni mwaka wa pili sasa nabeti. Tunalipwa Jumamosi, na kila Jumamosi naweka mkeka wa kubashiri mechi. Siku nyingine hela inaisha kabla sijafika nyumbani. Januari nilimaliza pesa ya sare na madaftari ya watoto, nikamwambia mke wangu kwamba kazini wamenikata. Naungama, nakaa wiki mbili, narudi kosa lile lile. Sasa naona aibu hata kumtazama padre. Kuna mtumishi aliniombea akasema nina pepo wa kamari wa ukoo, akaniuzia chupa ya mafuta ya upako na kuniambia nirudi na pesa nyingine ili anifungue. Naomba kujua: hii ni vita ya kiroho kweli, au ni udhaifu wangu tu? Je, natakiwa kupungwa pepo?

JIBU: Milele na milele, amina. Kamwene, ndugu yangu.

Nianze na ile chupa, maana jibu lake ni fupi. Usirudi kule, na usitoe hata shilingi. Simoni mchawi alipowapelekea mitume fedha ili anunue uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Mdo 8:20). Kanisa lina mafuta yake na lina maji ya baraka, na hakuna anayekuuzia. Kupunga pepo nako kupo katika Kanisa, lakini si kazi ya kila anayepaza sauti. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inataka padre awe na ruhusa ya wazi ya askofu, na awe mtu wa ibada, elimu, busara na maisha safi. Tena Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa (na. 1673), inasisitiza kwamba kabla ya hapo ni lazima kuhakikisha jambo lenyewe si ugonjwa. Katika uliyoniandikia sioni dalili ya mtu aliyepagawa. Namwona baba wa familia mwenye tabia iliyoota mizizi, na mwenye siri.

Kuhusu "pepo wa ukoo", soma Ezekieli sura ya 18 yote, hasa aya ya 20: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wewe ulibatizwa. Pale kisimani aliulizwa mtu swali, "Mnamkataa Shetani?" na jibu likatolewa kwa ajili yako, nawe kila Kesha la Pasaka unalirudia mwenyewe ukiwa na mshumaa mkononi. Aliyekwisha kuhamia kwa Kristo hadaiwi kodi na mwenye nyumba wa zamani.

Sasa swali lako kubwa: ni vita, au ni wewe? Ni vyote viwili, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Wengine husema "ni Shetani" ili wasiwajibike. Wengine husema "ni tabia tu" ili wasisali. Mtakatifu Yakobo anaanza na sisi wenyewe: "Kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa" (Yak 1:14). Kisha, sura tatu mbele, anasema, "Mpingeni Shetani, naye atawakimbia." Kuni ni zako, ndugu yangu. Yule mwovu hana msitu. Ana pumzi ya kupuliza. Katekisimu (na. 395) inafundisha kwamba uwezo wake una mpaka, kwa kuwa ni kiumbe tu, ingawa ni roho. Kwa hiyo usimwogope kama vile ni mungu wa pili, wala usimdharau kana kwamba hayupo.

Mtazame Paulo anapowavalisha Waefeso silaha. Aliandika akiwa mfungwa, na alikuwa amewazoea kwa macho askari wa Kirumi na mavazi yao: mkanda, dirii, viatu, ngao, chapeo, upanga. Neno analotumia kwa mashambulizi ya adui ni "hila". Hila za Shetani (Efe 6:11). Mtu mwenye nguvu za kutosha hahitaji hila, anavunja mlango na kuingia. Mwenye hila anasubiri Jumamosi saa kumi jioni, bahasha ikiwa mfukoni, mwenzako akikuonyesha simu yake: "Juzi jamaa wa mashine ya pili kapiga laki nne." Hakuna moshi, hakuna mtu anayegaragara chini. Ni sentensi moja ya kirafiki.

Nimekulia kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa hiyo niruhusu mfano wa kwetu. Mgemi hukata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi na jioni, na utomvu hudondoka kwenye mbeta, chombo cha kukingia, usiku kucha. Ukiunywa ungali mbichi ni mtamu kama maji ya sukari, hata bibi yangu alitupa watoto kidogo. Lakini hakuna mtu anayetia kitu ndani yake ili uwe mkali. Ukikaa tu, kufika jioni umeshakuwa mkangafu, na mtu mzima anayumba nao njiani. (Sisemi ulanzi ni dhambi. Kanisa halijakataza kinywaji, limekataza ulevi.) Kishawishi ni hivyo hivyo. Wazo la kwanza la kubeti si dhambi, Katekisimu (na. 2847) inatofautisha wazi kati ya kujaribiwa na kukubali. Hata Bwana wetu alijaribiwa jangwani. Tatizo ni kuliacha wazo likae. Unalibeba tangu asubuhi kazini, unapiga hesabu za timu, unajiambia "mara hii kidogo tu", na jioni halihitaji kukusukuma. Yakobo alilisema hilo kwa lugha ya mimba: tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti.

Ndiyo maana naamini wewe hushindwi Jumamosi jioni. Jumamosi jioni vita imekwisha. Unashindwa Ijumaa na Jumamosi asubuhi, halafu unashindwa tena Jumapili na Jumatatu. Nitafafanua.

Wewe unafanya kazi karibu na msitu wa Sao Hill, na unazijua zile barabara za kuzuia moto zinazopita katikati ya misonobari. Zinalimwa na kusafishwa kabla ya kiangazi. Moto ukishapanda juu ya miti na upepo ukivuma, jembe halina kazi. Mapokeo yetu yanaiita hali hii kukimbia nafasi za dhambi, na kukimbia si woga. Yusufu nyumbani kwa Potifa hakukaa kujadiliana, aliacha vazi lake akatoka nje mbio. Kwako wewe barabara ya moto ni mambo ya kawaida kabisa, pengine utayaona madogo mno kuitwa vita ya kiroho. Futa akaunti ya kubeti kwenye simu. Toka kwenye lile kundi la mikeka. Usirudi kwa njia inayopita kwenye kile kibanda. Mshahara uende nyumbani moja kwa moja, tena ikiwezekana upokelewe na mke wako au utumwe kwenye laini yake. Paulo anasema ngao ya imani huzima "mishale yote yenye moto ya yule mwovu"; lakini mtu mwenye ngao hasimami makusudi mahali mishale inapomiminika.

Naona tayari umeanza kukunja uso nilipomtaja mke. Tukae hapo kidogo.

Ukisoma ile orodha ya Waefeso, silaha ya kwanza kabisa siyo upanga. Ni mkanda: "hali mmejifunga kweli viunoni." Askari asiye na mkanda nguo zinamtatiza miguuni, anaanguka bila hata kupigwa. Kweli ndiyo inayoshika vingine vyote. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyekuwa askari kabla mzinga haujamvunja mguu huko Pamplona mwaka 1521, aliandika kwamba adui wa roho anafanana na mwanaume mlaghai anayemtongoza binti wa watu: kitu anachokiogopa kuliko vyote ni binti kwenda kumwambia baba yake. Siri ikifichuliwa, mpango umekufa. Wewe una siri ya miaka miwili na uongo wa "wamenikata". Hapo ndipo adui amejenga kambi. Rozari utasali, mfungo utafunga, lakini kama hilo limefichwa, unasali ukiwa umemwachia chumba kimoja cha nyumba.

Kwa hiyo mwambie. Sikushauri uropoke usiku mkiwa mmechoka. Chagua saa nzuri, watoto wakiwa wamelala, umweleze kiasi halisi usikipunguze, na usimwombe akusamehe papo hapo. Mpe nafasi ya kukasirika. Ana haki hiyo. Katekisimu (na. 2413) inasema michezo ya bahati nasibu si dhambi yenyewe kwa yenyewe, ila haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale anaowatunza, na inaonya kuwa shauku ya kamari yaweza kugeuka utumwa. Madaftari ya wanao yalikuwa mahitaji. Hapo kuna deni la haki, na sehemu ya kitubio chako ni kulilipa kidogo kidogo, mke wako akijua. Kama unaona hofu ya kumkabili peke yako, mwombe paroko wako akae nanyi, au wale wazee wa ndoa mnaowaheshimu katika jumuiya. Ila jumuiya nzima haihitaji kujua. Usigeuze aibu yako kuwa habari ya mtaa.

Sasa Jumapili na Jumatatu. Umesema unaona aibu kumtazama padre. Hiyo aibu ya kwanza, inayokupeleka kwenye kiti cha maungamo, ni ya Roho Mtakatifu. Aibu inayokuzuia kwenda siyo yake. Kitabu cha Ufunuo kinamwita Shetani "mshitaki wa ndugu zetu" (Ufu 12:10). Kabla hujaanguka anakuambia ni jambo dogo. Ukishaanguka anakuambia ni kubwa mno, Mungu amekuchoka. Sauti ni ile ile, imebadilisha kanzu tu. Petro na Yuda walimkosea Bwana usiku mmoja. Mmoja alilia na kubaki na wenzake, mwingine akaenda peke yake.

Nikuambie siri ya sisi mapadre: anayerudi na dhambi ile ile hatumchoki kama mnavyodhani. Mimi binafsi hunitia moyo, maana najua alipigana hadi kufika pale. "Mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena" (Mit 24:16). Katekisimu (na. 1735) inakubali kwamba mazoea yanaweza kupunguza uzito wa lawama ya mtu, hayaondoi wajibu wa kupambana, lakini Mungu anaijua minyororo. Kwa hiyo usingoje wiki mbili za ushindi ndipo uende kuungama. Ukianguka Jumamosi, nenda Jumapili kabla ya Misa. Na ukisema "sitaki kukosa tena" katika sala ya kutubu, unasema kweli hata kama unajijua dhaifu. Hiyo ni nia, na si utabiri wa kitakachotokea Jumamosi ijayo.

Kuhusu sala, usijitwishe mzigo wa siku tatu ukautupa. Asubuhi, kabla hujaishika simu, jiwekee ishara ya msalaba kwa maji ya baraka na usali Baba Yetu polepole, ukisimama kwenye "usitutie katika kishawishi". Maana yake siyo kwamba Mungu ndiye anayetujaribu, Yakobo amelikataa hilo. Tunamwomba asituache tuingie humo. Saa sita mchana mashine zikinyamaza, Malaika wa Bwana. Jumamosi, ukishika malipo, sali sala ya Malaika Mkuu Mikaeli, ile ambayo Papa Leo wa 13 aliagiza isaliwe baada ya Misa mwaka 1886; ni fupi, utaimaliza kabla hujatoka getini. Pata Misa moja katikati ya wiki ukiweza. Na funga kitu kidogo, kwa mfano chai ya saa nne siku ya Ijumaa. Mwili unaojifunza kukataa chai utakuwa na msamiati wa kukataa mkeka.

Kama baada ya haya yote mikono inatetemeka, usingizi hauji, na unakopa ili kubeti, nenda hospitali ukaeleze. Daktari anayejua kazi yake naye ni zawadi ya Mungu, na kumwendea si upungufu wa imani.

Ile chupa ya mafuta mwonyeshe mke wako siku mtakapozungumza, umwambie ilikugharimu kiasi gani. Nayo imo kwenye hesabu.