Nihakiki Riwaya ya Upelelezi Bila Kumtaja Muuaji?

Swali: Shikamoo Mama Vitabu. Nasoma sana riwaya za upelelezi, hasa hizi mpya zinazouzwa kwa vipande WhatsApp, na nimeanza kuziandikia uhakiki. Wasomaji wanalalamika nawamalizia uhondo. Nikificha kila kitu, nabaki na "inasisimua sana" tu. Nifanyeje?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hiyo "inasisimua sana" ifute, haimsaidii mtu.

Simulia mpaka pale kesi inapoanza, basi. Ukisema kwamba katika *Kufa na Kupona* (1974) ya Elvis Musiba nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata, msomaji ameshapata hamu na uhondo wake uko palepale.

Ukishamjua muuaji, rudia kusoma sura za mwanzo. Alikuwepo? Kuna neno alilosema likapita hivihivi, na sasa linakushtua? Hilo ndilo la kuhakiki, na unaweza kulisema bila kumtaja mtu. Karibuni nimesoma hadithi moja ya vipande: maiti iko gesti, mlango umefungwa kwa ndani, mhudumu anaapa hakuna aliyeingia. Nikawa nalipia kipande baada ya kipande, usingizi sina. Mwishoni muuaji akawa pacha wa marehemu, ambaye hata mama yao hakumtaja msibani! Nilikasirika kwa niaba ya kila aliyetoa hela yake. Hapo andika bila woga: "Mwandishi hakumpa msomaji nafasi ya kukisia." Hujafichua kitu.

Vipande vina mtego wake pia. Kila kimoja lazima kiishie pabaya ili ununue kinachofuata. Wewe angalia hicho kinachofuata kinaanzaje. Bastola iko kisogoni, halafu "kumbe alikuwa anaota"? Waambie wasomaji wako wazi kwamba wanauziwa hewa.

Na kazi ya polisi ichunguze. Mtu ana risasi begani, anatibiwa hospitali na kuondoka, hakuna aliyemuuliza PF3, ile fomu ya polisi? Shahidi anamtambua mtu asiyemjua bila gwaride la utambuzi, na wakili wa utetezi kanyamaza? Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, alijitosheleza kwa kiko na akili yake, maana hakuwa askari. Anayeandika inspekta aijue kazi ya inspekta.

Kabla hujautoa uhakiki, mpe mtu ambaye hajaisoma riwaya. Akimkisia muuaji, punguza.