Siri ya jeshi sawa, lakini adui si alishahesabu?

Jamaa hapo juu ameuliza mbona Wakenya hawaamini tukiambiwa "hayo ni mambo ya usalama", na si kila nchi ina siri zake. Ziko, na mi sina shida nazo. Konvoi ya kesho inapita wapi, hiyo usiniambie kabisa. Shida yangu ni siri ya kitu ambacho adui anakijua kuniliko, mwenye kufichwa ni mwananchi peke yake.

2016 nilikuwa na kibanda cha M-Pesa Eldoret. Kambi yetu ya El Adde kule Somalia ilivamiwa Ijumaa asubuhi, 15 Januari, na wengi waliokuwa huko walikuwa wametoka Moi Barracks hapa kwetu, kwa hivyo wateja wangu baadhi ni mabibi za wanajeshi. Hiyo wikendi hakuna aliyekuja kutoa pesa, wananunua kredo ya mia mia tu, anasimama hapo hapo dirishani anapiga, mteja hapatikani, anapiga tena. Mmoja alinionyesha WhatsApp yake, tiki ni moja tu tangu Alhamisi usiku. Ningemwambia nini?

Na serikali inasema nini wakati huo? Subirini, kuna vipimo vya DNA vya kutambua miili, halafu onyo kwamba ukisambaza picha utashikwa, na kuna mwandishi alishikwa kweli. Wakati huo huo al-Shabaab, hao waliovamia kambi, wanamwaga picha mtandaoni na kusema wameua zaidi ya mia moja. Baadaye Rais wa Somalia akaambia TV karibu 200, CNN nao wakahesabu wakafika angalau 141. Serikali yetu haikutoa namba. Ibada ilifanywa Moi Barracks Januari hiyo hiyo, Uhuru, Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh wa Somalia wote wakaja, marais watatu wanaomboleza watu ambao hatuambiwi ni wangapi.

Mwaka uliofuata ikawa Kulbiyow, kambi yetu nyingine Somalia iliyovamiwa, jeshi letu KDF wakasema waliokufa ni tisa, na mtaani kwetu watu walicheka tu. Pengine ilikuwa tisa kweli! Lakini nani angeamini, na hapo ndio hasara iko, siku unasema ukweli unaonekana muongo pia.

Polisi nao wamefuata njia hiyo hiyo. Agosti 2024 watu watatu wakachukuliwa Kitengela, polisi wakasema hawako nao. Masengeli, aliyekuwa kaimu mkuu wa polisi (IG), akaitwa kortini mara kadhaa hatokei, jaji akamhukumu miezi sita kwa kudharau korti tarehe 13 Septemba, na tarehe 20 wale watu wakaachiliwa, wako hai. Wiki moja tu. Sasa wewe unayesema tuwaamini, hebu niambie mama ambaye kijana wake amepotea leo na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anamwambia "hatuna mtu kama huyo hapa", aende nyumbani akalale?