Anabeti kidogo kwenye poti kubwa, nimfanyeje?
Mkuu, umeuliza kwenye poka umfanyeje mtu anayebeti 10 kwenye poti (hela yote iliyowekwa mezani) ya 100. Huyo usimkimbie kabisa, anakuuzia karata kwa bei ya kutupa, yaani unalipa 10 kugombea 110 kwahiyo ukishinda hata mara 1 kati ya 12 hujapoteza kitu, sasa kama una kopa mbili mkononi na mbili ziko mezani kwenye flopu (karata tatu za kwanza mezani), kopa ya tano ya kukamilisha flashi (karata tano za aina moja) inakuja kwenye karata inayofuata karibu asilimia 19, utafoldi (utatupa karata) vipi hapo?

Ila nakuomba sana usijaribu kumtisha kwa blafu (kubeti bila mkono mzuri). Wengi wa aina hii wanakoli (wanalipa beti ili waendelee) na chochote, hata peya ndogo (karata mbili za namba moja) hawaachii. Ukiwa na mkono mzuri beti kubwa, robo tatu ya poti au poti nzima, atalipa tu, na inaniuma kuona watu wanabeti nusu kwa mazoea wakati hela ipo mezani.

Halafu yule mpole anayekoli tu muda wote, akireizi (akipandisha beti) kubwa ghafla kwenye riva, yaani karata ya mwisho mezani, foldi hata peya yako ya juu (ya karata kubwa kuliko zote mezani), hao mara nyingi wanakuwa nayo kweli.