Meli ya Uganda: kutoka Kilindini hadi Falklands

Swali: Marehemu babu yangu alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, na mara nyingi aliitaja meli iliyoitwa Uganda. Ilikuwa meli ya nani?

Jibu: SS Uganda iliundwa Glasgow na kampuni ya Barclay Curle, ikashushwa majini Januari 1952 na kuanza safari Agosti mwaka huohuo. Ilikuwa mali ya British India Steam Navigation Company, kampuni iliyokuwa na meli nyingi katika Bahari ya Hindi. Meli pacha, Kenya, ilitangulia kwa mwaka mmoja, na zote mbili zilisafiri kati ya London na Afrika Mashariki kwa njia ya Suez na Aden, zikitia nanga Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Beira. Uganda ilibeba abiria wapatao 300 wa madaraja mawili, lakini sehemu kubwa ya tumbo lake ilikuwa ngama za shehena, yaani vyumba vya chini vya kuwekea mizigo. Wanaoandika juu yake husimulia zaidi habari za maafisa wa kikoloni waliokula daraja la kwanza. Mimi naona inafaa wakumbukwe pia makuli kama babu yako, kwa maana ni mikono yao iliyojaza na kutoa kilichokuwa ndani ya ngama hizo.

Swali: Kwa nini iliacha kuja kwetu?

Jibu: Ndege za jeti ziliwachukua abiria, na baada ya uhuru maafisa wa kikoloni waliokuwa wateja wake wakubwa wakarudi kwao. Kufikia 1967 safari hizo hazikuwa na faida tena.

Swali: Nimesikia iligeuzwa kuwa shule. Meli hugeuzwaje shule?

Jibu: Ilipelekwa Hamburg, Ujerumani, na kazi ikakamilika mapema 1968. Ngama ndizo zilizowezesha mageuzi hayo, kwa kuwa meli ya abiria watupu isingekuwa na nafasi kubwa namna hiyo. Palipokuwa pakipangwa mizigo pakajengwa mabweni ya wanafunzi zaidi ya 900, yakaongezwa madarasa na kumbi za mihadhara, na ukubwa wa meli ukapanda kutoka tani za ujazo zipatazo 14,400 hadi karibu 16,900. Vyumba vya daraja la kwanza vilibaki kwa abiria wa kawaida, ambao waliendelea kuketi katika ukumbi wenye jozi ya pembe kubwa za ndovu, pambo lililosalia tangu enzi za safari za Mombasa. Meli pacha, Kenya, haikupata bahati hiyo. Iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1969.

Swali: Je, ni kweli ilikwenda vitani?

Jibu: Ilikwenda, lakini bila silaha. Aprili 1982, ikiwa katika Bahari ya Mediterania na wanafunzi ndani, serikali ya Uingereza iliichukua kwa ajili ya vita dhidi ya Argentina juu ya Falklands, visiwa vilivyo kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Wanafunzi walishushwa Naples, na huko Gibraltar, kwa siku chache tu, mafundi waliigeuza hospitali: mabweni yakawa wodi, vikawekwa vyumba vya upasuaji, ikajengwa sitaha ya kutua helikopta, na meli nzima ikapakwa rangi nyeupe yenye misalaba myekundu. Kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva, meli ya hospitali hairuhusiwi kutumia mawasiliano ya siri, hivyo pande zote mbili ziliweza kusikia ilichosema. Majeruhi zaidi ya 700 walitibiwa humo, wakiwemo Waargentina wapatao 150, kisha meli ndogo tatu za upimaji wa bahari, Hecla, Herald na Hydra, zikawapeleka Waingereza Montevideo, Uruguay, ili warejeshwe kwao kwa ndege. Kwa maoni yangu, hakuna kazi nyingine ya meli hii inayolingana na hiyo.

Swali: Iko wapi leo?

Jibu: Haipo. Baada ya vita ilirudi kwa wanafunzi kwa miezi michache tu, kisha ikakodiwa kupeleka wanajeshi Falklands kutoka kisiwa cha Ascension katika Atlantiki hadi 1985. Mwaka 1986 iliuzwa ili ikatwekatwe, ikapewa jina la Triton kwa safari yake ya mwisho kwenda Kaohsiung, Taiwan. Agosti mwaka huo, kabla ya kukatwa, tufani iliyoitwa Wayne iliisukuma hadi ikapanda ufukweni na kulala ubavu, na mabaki yake yakaondolewa miaka kadhaa baadaye.