Si shetani, si utundu: majibu kuhusu tiki

Maswali ya safari hii yanahusu tiki: mitikisiko ya mwili au sauti za ghafla zinazomtoka mtu bila kukusudia.

Daktari, mwanangu wa miaka 7 alianza kupepesa macho, sasa anakohoakohoa. Macho na koo vimepimwa, ni vizima. Majirani wanasema ana shetani. (Mama, Tanga)

Hana shetani, mama, wala hukukosea katika malezi. Tiki huanza hivyo hivyo, mara nyingi kati ya miaka 4 na 6, usoni kwanza. Moja ikiondoka nyingine huja, zikizidi na kupungua, hasa mtoto akichoka, akiwa na wasiwasi au akichangamka mno. Kilele chake ni miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Tiki kadhaa za mwili na angalau moja ya sauti, zikidumu zaidi ya mwaka, huitwa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa aliyezieleza mwaka 1885. Usimwambie "acha!" Kumkumbusha huzichochea.

Nitajuaje kama si kifafa? (Mwalimu, Kisumu)

Mwenye tiki hubaki na fahamu, anakusikia, na aghalabu anaweza kuizuia kwa muda. Akianguka, au akikodoa macho asiitike, apelekwe hospitali. Lakini mwalimu, nakusihi: kuweza kuizuia kidogo si ushahidi kwamba anafanya makusudi. Nguvu anayoitumia kujizuia ndiyo aliyopaswa kusikilizia somo. Asichapwe. Mruhusu atoke nje kidogo, zimtoke, arudi.

Kuna tiba isiyo ya dawa? (Baba wa binti wa miaka 11, Mombasa)

Ipo, nami ningeanza nayo. Msingi wake uliwekwa na wanasaikolojia Nathan Azrin na Robert Nunn mwaka 1973. Kwanza binti anajifunza kuitambua tiki kabla haijatoka: mwasho au mkazo fulani, kama chafya inayokuja. Hapo anafanya tendo lisiloweza kwenda pamoja na tiki ile. Anayetupa shingo hushusha kidevu kidogo na kukaza misuli ya shingo taratibu. Anayekohoakohoa hufumba mdomo na kupumua polepole kwa pua. Anashikilia dakika 1, au hadi msukumo upite. Ni tiki moja kwa wakati, kuanzia inayomsumbua zaidi.

Nyumbani nako kuna kazi. Kama ndugu zake humcheka, au kila akitoa sauti anasamehewa kazi ya shule, hayo nayo yabadilike. Katika utafiti wa Marekani wa 2010, watoto 126, zaidi ya nusu ya waliofunzwa hivi walipata nafuu ya wazi ndani ya wiki 10; kwa waliopewa maelezo na ushauri tu, hawakufika mmoja kati ya watano. Tiki hazing'oki kabisa, lakini binti anapata pumzi.

Ninazo tangu utotoni, sasa nina miaka 34. Nimechelewa? (Nairobi)

Hujachelewa, kaka. Utafiti kama huo kwa vijana na watu wazima, wa 2012, ulionyesha nafuu kwa 38 kati ya kila 100 waliofunzwa hivi, dhidi ya 6 kwa waliopewa maelezo na ushauri tu. Mwambie mtaalamu pia kama una wasiwasi au mawazo yanayojirudia. Kwa watu wazima wengi hayo huumiza kuliko tiki zenyewe.

Ni kweli wenye Tourette hutukana ovyo? (Msomaji, Dodoma)

Wachache tu, takriban mmoja kati ya kumi. Naye tusi likimponyoka, hakukukusudia wewe. Endelea na mazungumzo.