Manyuzi meupe ndani ya lenzi: kuvu au vumbi?

Ndugu yangu wa Kisauni uliyeuliza kama manyuzi meupe ndani ya lenzi yako ya milimita 50 ni kuvu au vumbi, usiyahukumu bado. Itoe kwenye kamera, fungua tundu la mwanga lote (likijifunga, sukuma kijiti kilicho nyuma ya lenzi), kisha mulika tochi kwa mshazari upande mmoja, uchungulie mwingine. Vumbi ni vitone. Kuvu hutambaa kama mizizi au utando wa buibui. Weupe uliotanda sawasawa si kuvu bali ni ukungu kama wa mvuke, mara nyingi wa mafuta. Hayo maradhi mengine.

Kuvu ikiwa kioo cha nje, futa kwa kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili kidogo. Ukiimimina juu ya kioo itapenya ndani. Ikiwa ndani, muone fundi mapema: asidi ya kuvu hula utando wa kinga wa kioo, na alama zile hazitoki. Kuanika juani hakusafishi kitu.

Na joto letu hili la Pwani, begi la ngozi kabatini ndilo shamba la kuvu! Tumia kontena la plastiki la kubana, silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) na kipima unyevu kisome asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe.