Maswali na majibu: Gari la zamani, injini mpya, kona za uwanjani

Maswali ya safari hii yote yametoka kwa wenye magari ya zamani waliyoyafanyia kazi, wanaotaka kuyapeleka kwenye siku ya uwanja. Kwa asiyeijua: si mashindano. Uwanja wa mbio wenye kona za kushoto na kulia hukodiwa kwa siku nzima, madereva hugawanywa makundi kwa uzoefu, na kila kundi huingia kwa zamu ya dakika kama ishirini hivi. Hakuna kikombe, na mara nyingi hata kujipima muda ni marufuku. Lakini gari halijui kama ni mashindano au la. Joto ni lilelile.

Swali: Fundi, nina Ford Escort ya 1972. Injini ya 1300 nimeitoa, nimeweka ya lita 2 yenye kabureta mbili. Breki ni zilezile za kiwandani, diski mbele na dramu nyuma, na barabarani zinashika vizuri. Kuna haja ya kuzigusa?

Jibu: Ipo, tena kabla ya kitu kingine chochote. Barabarani ukishika breki mara moja, zinapata muda mrefu wa kupoa. Uwanjani unazikanyaga kwa nguvu mwisho wa kila mnyoosho, na kona ya pili haiko mbali. Nishati ya gari hupanda kwa mraba wa kasi: likitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 140, breki zina karibu mara mbili ya kazi kulisimamisha. Na hiyo injini yako mpya ndiyo inayokufikisha kwenye 140. Kazi yote inageuka joto, na joto linaingia kwenye diski, kwenye pedi, na mwishowe kwenye mafuta ya breki.

Zikizidiwa zitakuambia kwa namna mbili, na mguu wako lazima uzitofautishe. Ya kwanza, pedeli ni ngumu kama kawaida, unaikanyaga kwa nguvu zote, gari linaendelea kwenda. Hapo pedi zimepita joto lake na hazishiki tena. Punguza mwendo, zunguka polepole, zitarudi. Ya pili ni mbaya zaidi: pedeli inakuwa laini na kuzama hadi sakafuni. Mafuta ya breki yamechemka, ndani ya bomba kuna mvuke, na mvuke unabanwa tu bila kusukuma pistoni. Ikikutokea, pampu pedeli haraka, shusha gia, na utafute pa kutokea huku usukani ukiwa umenyooka.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. DOT 5.1 ni 260 ikiwa mpya na 180 ikiwa na maji. Kwa hiyo mafuta yaliyokaa ndani ya gari miaka minne, hata kama ni ya daraja la juu, ni dhaifu kuliko ya bei nafuu yaliyofunguliwa jana. Mwaga yote, weka mapya, toa hewa kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne wiki hiyohiyo ya kwenda. Na jina lisikudanganye: DOT 5 bila ile nukta moja ni silikoni, haichanganywi na hizo nyingine.

Badilisha pia mipira inayopitisha mafuta ya breki. Ya miaka mingi huvimba kwa ndani, na baada ya hapo unakanyaga mpira badala ya breki. Tafuta pedi za kuhimili joto, na utengeneze njia ya hewa kutoka mbele ya gari hadi katikati ya diski. Diski kubwa zisubiri. Kwa anayeanza, hayo niliyotaja yanatosha. Kisha baada ya zamu ya kwanza ziangalie pedi: ukingo ukiwa mweupe kama jivu na unamomonyoka ukiugusa, bado hazitoshi.

Dramu za nyuma zitafanya kazi, ila elewa tabia yake. Dramu ikipata joto inatanuka na kuikimbia shuu, yaani kiatu cha breki kilicho ndani yake, kwa hiyo pedeli inarefuka. Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 kwa gari la C-Type lenye diski magurudumu yote manne, na faida kubwa ilikuwa hapo: dereva alikuta breki ileile saa ya mwisho kama saa ya kwanza.

Swali: Kwenye kona ndefu ya kulia taa ya oili inawakawaka, nikinyoosha inazima. Injini ina nguvu kama kawaida. Ni waya?

Jibu: Natamani ingekuwa waya. Acha kuendesha hivyo leo, usisubiri kesho.

Kwenye kona ndefu oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kupanda ukutani. Bomba la kunyonyea linabaki linafyonza hewa, na beringi za kranki na konrodi zinazunguka bila utando wa oili. Taa nyingi za kiwandani haziwaki mpaka presha iwe imeshashuka hadi karibu nusu ba (kama PSI 7), maana yake ukiiona imewaka injini inaumia tayari. Haitakufa kwenye kona hiyo. Itanoki wiki tatu baadaye ukienda sokoni, na utamlaumu aliyekuuzia oili.

Weka geji ya presha yenye mshale, kubwa, mahali unapoiona bila kuinamisha kichwa. Kanuni ya mafundi wa zamani ni PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, oili ikiwa ya moto. Jaza oili hadi alama ya juu kabisa ya kijiti, siyo katikati. Kisha sampu ifunguliwe, ichomelewe kuta ndogo zenye vilango vinavyoruhusu oili kwenda kwenye bomba na kuizuia kurudi. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua kuchomelea. Wanaokwenda mbali zaidi hutoa oili kwenye sampu kabisa na kuiweka kwenye tangi la pembeni. Porsche 911 ilikuwa na mpango huo tangu ilipoanza kutengenezwa mwaka 1964, ndiyo maana wenye 911 za zamani hawasumbuki sana na swali lako.

Nikuulize na mimi: umebadilisha matairi hivi karibuni? Mara nyingi tatizo hili huanza siku gari linapovishwa tairi za kunata. Tairi nyembamba za zamani ziliteleza kabla oili haijapanda ukutani. Ukiongeza mshiko, umeongeza pia nguvu inayosukuma oili pembeni, inayopinda rimu za chuma, inayovuta stadi (bolti) za magurudumu. Mtu anabadilisha kitu kimoja, na vitu vinne vya zamani vinaanza kulalamika.

Injini ikikatakata kwenye kona bila taa kuwaka, hilo ni la petroli: bakuli la kabureta limemwagikia upande mmoja, au tangi liko chini ya nusu. Jaza tangi kwanza, ndipo uguse floti, boya la ndani ya bakuli hilo.

Swali: Nimenunua gari likiwa na matairi yenye kashata (meno) nzima, hayajatembea. Muuzaji anasema yalikaa stoo tu. Yanafaa?

Jibu: Soma ubavuni, utafute tarakimu nne mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kukiwa na tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000, litoe, usilijadili. Mpira hukauka hata ukiwa gizani, na kashata nzima haikuambii lolote kuhusu hilo. Mimi tairi la zaidi ya miaka sita silipeleki uwanjani, hata liwe linang'aa.

Upepo upime ukiwa wa moto, mara tu unapotoka. Utakuta umepanda kwa PSI kadhaa; ushushe hadi kiwango chako, ukiweka sawa kulia na kushoto. Na usisahau kuurudisha kabla ya safari ya nyumbani, kwa sababu tairi zikipoa zitakuwa chini mno.

Swali: Nimefunga mikanda ya mbio ya pointi nne, gari halina fremu ya chuma ndani. Rafiki yangu anasema nimejiweka hatarini. Kweli?

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi. Mkanda wa kawaida wa pointi tatu unauacha mwili ulale pembeni paa likibonyea. Mikanda ya mabegani inakushikilia wima, na paa likija chini kichwa na shingo ndivyo vinavyolipokea. Vitu hivi huenda pamoja: fremu, kiti cha mbio, na mikanda ya pointi sita, kwa sababu ile ya kupita katikati ya mapaja ndiyo inayozuia mwili usiteleze chini ya mkanda wa kiuno. Kama hutaki kukata gari lako, baki na pointi tatu nzuri, mpya, zilizofungwa kwenye chuma kisicho na kutu. Nasema kutu kwa sababu sakafu ya gari la miaka hamsini hupakwa lami nyeusi ikapendeza, ukichokonoa na bisibisi inapita upande wa pili.

Swali: Helmeti ya pikipiki itakubaliwa?

Jibu: Sehemu nyingine ndiyo, nyingi hapana. Helmeti za magari zenye alama ya Snell SA hupimwa bitana yake kwa moto na hupimwa kwa kugongwa kwenye bomba la chuma. Zenye alama ya M, za pikipiki, hazipitii vipimo hivyo. Gari lako lina petroli inayopita kwenye mipira ya zamani. Nunua SA.

Swali: Ninayo Volkswagen Beetle ya 1965, injini imeongezwa. Kila mtu ananitisha kwamba mkia utanipita. Nifanyeje?

Jibu: Wanakutisha kwa sababu, lakini wengi hawajui sababu yenyewe. Nyuma ya gari lako kila ekseli ina kiungo kimoja tu, karibu na gia boksi, na gurudumu linapanda na kushuka kama bawa. Ukiwa kwenye kona kwa kasi kisha ukaachia pedeli ya mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, mkia unanyanyuka, na gurudumu la nje linajikunja kuingia chini ya gari. Linasimama kwenye ubavu wa tairi. Mshiko unaisha papo hapo, na injini iliyo nyuma inataka kutangulia.

Chevrolet Corvair, gari la Marekani lenye injini nyuma pia, ilianza na mpango wa aina hiyo mwaka 1960. Kwa toleo la 1964 iliongezewa springi ya kukingama nyuma, na kwa toleo la 1965 mfumo wote ukabadilishwa. Kwako wewe, springi ya namna hiyo, au mikanda ya kuzuia gurudumu lisishuke kupita kiasi, ndicho kitu cha kwanza kununua. Kushusha nyuma kidogo pia kunasaidia.

Kilichobaki ni mguu. Maliza breki zote gari likiwa bado limenyooka. Ingia kona kwa mwendo wa chini kuliko unavyodhani unaweza, kisha bonyeza mafuta kidogokidogo kuanzia katikati ya kona hadi kutoka. Ukiona umeingia kwa kasi mno, usiruke kutoka kwenye mafuta. Punguza taratibu, ongeza usukani. Na likishazunguka, limezunguka: kanyaga klachi na breki vyote viwili, ushikilie mpaka lisimame, ili wengine wajue linaelekea wapi.

Swali: Gari langu halina kasi. Sitawakera wenye magari ya kisasa?

Jibu: Utawakera usipoangalia vioo. Kwenye makundi mengi ya wanaoanza, kupita kunaruhusiwa kwenye minyoosho tu, na anayepitwa ndiye anayetoa ishara ya mkono kuonyesha upande. Toa mapema, achia mafuta kidogo, baki kwenye mstari wako. Bendera ya buluu ina maana kuna mtu nyuma yako. Vile vioo vidogo vya mviringo vya kwenye madigadi vinapendeza kwenye picha; kwa siku hiyo, funga kikubwa cha ndani.

Swali: Wakaguzi wa asubuhi wanaangalia nini hasa?

Jibu: Uvujaji, betri iliyofungwa imara, springi ya kurudisha pedeli ya mafuta, nati za magurudumu. Sehemu nyingine hupima pia sauti ya ekzosi: kipimo kinawekwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wake, injini ikiwa robo tatu ya mizunguko yake ya juu. Ekzosi uliyoitengeneza isikike mtaa mzima inaweza kukurudisha nyumbani kabla hujawasha.

Wewe mwenyewe, kabla yao, nyanyua gari kwa jeki na ulishike tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni bolijointi au kingipini, viungo vinavyolishikilia gurudumu. Kisha shika kushoto na kulia. Hapo unasikiliza tairodi, fito za usukani.

Swali: Nikimaliza zamu, nizime injini mara moja?

Jibu: Hapana. Mzunguko wa mwisho uende bila breki, gia ya juu, hewa ipite. Ukifika, fungua boneti, acha injini izunguke taratibu dakika moja au mbili mpaka geji ya joto itulie. Handbreki usiivute: shuu zikibanwa kwenye dramu ya moto zinaweza kuganda au kuipinda. Weka gia ya kwanza na kigingi chini ya tairi. Magurudumu yakishapoa kabisa, rudia nati zote kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa sababu rimu mpya kwenye stadi za zamani hulegea baada ya joto la kwanza.